Kujizawadia: nilichojifunza baada ya kujikopesha chips mayai

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Unajiandaa na mitihani ya uhasibu ya CPA, umejiwekea utaratibu wa kuamka saa kumi na moja alfajiri usome kabla ya kwenda kazini, na ukikamilisha wiki unajipongeza Jumamosi kwa nyama choma na bia mbili. Wiki ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu umelala na nyama umekula. Unauliza kama kujizawadia kunasaidia au ni kujidanganya.

Kunasaidia. Ila hapo uliposema "nimelala na nyama nimekula" ndipo ugonjwa ulipo, na wadau wengi wamepapita wakakimbilia kukuambia huna nidhamu. Mimi huo ugonjwa umenikalia miezi minne, kwa hiyo acha nisimulie.

Mwaka juzi nilimsindikiza mama mkwe kliniki, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu nikasema na mimi nipimwe presha. Ikasoma 146/92. Dada aliyekuwa anapima akarudia baada ya dakika kadhaa, ikashuka kidogo tu. Daktari akanipa masharti: punguza chumvi, tembea nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, rudi baada ya miezi mitatu. Hizo ndizo dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazipendekeza kama kiwango cha chini kwa mtu mzima. Kwenye karatasi ni kidogo. Kwa mtu anayekaa kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo kutwa nzima, halafu akale foleni hadi Tabata, nusu saa hiyo inapatikana alfajiri tu, wakati shuka ni tamu kuliko kitu chochote duniani.

Nikajiwekea zawadi kama wewe. Nikitembea siku tano, Ijumaa jioni nachukua chips mayai na soda ya baridi. Najua, presha na chips. Shemeji yenu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini si mafuta wala chumvi iliyouharibu mpango wangu. Wiki ya tatu, Jumatano, mvua ilinyesha alfajiri nikalala. Jioni nikateremka kituoni, njaa inauma, kabati la chips linang'aa pale, nikajisemea: nichukue leo, Alhamisi na Ijumaa nitafidia. Alhamisi sikutembea, Ijumaa sikutembea. Tangu siku hiyo chips zikawa mshahara unaolipwa kabla ya kazi, na mwisho wa mwezi nilikuwa najidai wiki mbili za matembezi.

Mama ntilie yeyote atakuambia tabia ya mteja wa mkopo. Akishadaiwa sahani tatu anabadilisha njia, hapiti tena mbele ya banda. Mimi nilifanya hivyohivyo kwa raba zangu. Nilizitoa mlangoni nikazisukuma chini ya kitanda, maana kila nikiziona nakumbuka deni.

Kwenye kujizawadia wewe ndiye bosi na wewe ndiye kibarua, na bosi mwenyewe ana huruma kupita kiasi. Kwa hiyo siku hizi nikifikiria zawadi, swali langu la kwanza ni kama inakopeka. Zawadi ambayo mkono wako unaweza kuifikia kabla ya kazi, siku ukichoka utaifikia tu.

Nilikuja kupata mbili ambazo hazikopeki, ya kwanza kwa bahati. Napenda uchambuzi wa mpira kupita mpira wenyewe. Nikaanza kupakua vipindi usiku na kujiwekea sheria: nasikiliza nikiwa natembea tu, si kwenye daladala wala kitandani. Nikivua raba, nazima. Ili nisijidanganye, spika za masikioni zikawa zinalala ndani ya raba yenyewe. Hapo zawadi na kazi vimefungwa pamoja, huwezi kuichukua moja ukaiacha nyingine. Kuna asubuhi nimeongeza mzunguko mzima wa mtaa kwa sababu wachambuzi walikuwa hawajamaliza kubishana kuhusu penalti.

Baadaye nikakuta jambo hili limeshapimwa. Katherine Milkman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na wenzake mwaka 2014 walichapisha utafiti ambamo watu walipewa hadithi za kusisimua za kusikiliza, lakini kifaa chenye hadithi kikafungiwa jimu. Mwanzoni watu hao walihudhuria jimu kwa asilimia 51 zaidi ya wale ambao hawakuwekewa mtego huo. Kisha ikaingia mapumziko ya sikukuu ya Thanksgiving, na waliporudi ile nguvu ilikuwa imepungua sana. Niliposoma hapo nilicheka, maana mimi Desemba nilikwenda kijijini siku kumi, sikutembea hata hatua ya mazoezi, na kuanza upya Januari kulikuwa kama kuanza siku ya kwanza. Mwaka jana nilijiandaa: raba zilisafiri nami, hata kama ilikuwa dakika kumi hadi kwenye bomba na kurudi huku wazee wakiniuliza nakimbizwa na nani.

Kasoro ya zawadi hii ni kwamba mimi ni Simba. Siku tukifungwa na Yanga sitaki kusikia sauti ya mchambuzi yeyote, na siku hizo nilikuwa nalala. Sasa naweka na simulizi moja ya sauti ya akiba kwa ajili ya misiba hiyo.

Ya pili ni kibubu. Hapa shemeji yenu ndiye anastahili sifa. Jumapili nampa buku tano. Kila asubuhi nikirudi na fulana iliyolowa, anatia buku moja kwenye kibubu mbele ya macho yangu, na ule mlio wa sarafu za jero mbili zikidondoka, wakuu, una utamu wake. Nisipotembea, buku ya siku hiyo ni yake, na haulizwi inakwenda wapi. Mwezi wa kwanza alisuka nywele kwa uvivu wangu. Mwezi wa pili alipata kidogo. Wa tatu akaanza kuninong'oneza "lala tu baba, mvua hiyo", nikajua sasa mpango umeanza kufanya kazi. Kibubu tulikivunja mwezi wa sita, nikaenda Karume nikachukua raba nzuri za mtumba, hela zilizobaki tukanunua kipimo cha presha cha nyumbani.

Angalia tofauti na nyama yako. Buku inaingia dakika ileile nimefika, jasho halijakauka. Nyama yako ya Jumamosi iko mbali mno na Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Kitanda kinalipa papo hapo, nyama inaahidi. Halafu ni yote au hakuna: ukikosa Jumanne moja wiki imeharibika, na ukiona imeharibika huna sababu ya kuamka Alhamisi. Ugawe malipo kwa siku.

Kuna mdau hapo juu kakuambia vumilia siku 21 tu, tabia itakaa. Hiyo namba imetokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. "Angalau" ikapotea njiani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja na tabia yake mpya ya kula, kunywa au kufanya mazoezi. Kwa makadirio yao tabia ilichukua kama siku 66 kukaa, lakini kati ya mtu na mtu ilianzia siku 18 hadi 254. Na waliona kuruka siku moja hakuharibu safari. Kwa hiyo wiki ya tatu uliyoangukia si ya ajabu, ulikuwa bado njiani kabisa.

Kwa kesi yako mimi ningefanya hivi. Nyama choma iachie huru, kula Jumamosi na rafiki zako bila masharti, usiifanye hakimu. Usiku chemsha kahawa ya tangawizi, weka kwenye chupa ya chai, chupa iwe juu ya meza ya kusomea pamoja na kashata mbili. Vinaguswa kitabu kikiwa wazi, siyo kabla. Simu ya kukuamsha ilale chumba kingine ili kuizima kukutoe kitandani. Halafu tafuta mtu wa kukushikia buku zako, asiwe rafiki wa bia, awe mtu anayefurahi ukikosa.

Kwangu matembezi hayalipwi tena. Tangu kibubu kivunjwe hatukununua kingine, na sikugundua lini nilianza kutoka bila kuhesabu. Wiki iliyopita kipimo cha nyumbani kilisoma 127/81, na daktari ameniambia niendelee hivyohivyo. Uchambuzi nimeubakiza kwa sababu naupenda.

Ila soda imenishinda. Nimejaribu kuilipia kwa buku, kwa maji ya baridi, kwa miwa, kila mbinu inakufa jua la saa nane pale dukani, jirani akifungua chupa. Mwenye njia iliyomsaidia kwenye soda aiweke hapa, nipo nasoma.