Hisa badala ya hati: je, tumchangie mdogo wetu nyumba ya ushirika Brooklyn?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu ni muuguzi jijini New York. Amepata nyumba ya chumba kimoja na sebule katika jengo la zamani mtaa wa Brooklyn Heights, na bei yake ni nafuu kuliko nyumba nyingine za ukubwa huo, kwa sababu, anasema, jengo ni la ushirika. Anatuomba sisi ndugu zake tumchangie malipo ya awali, nasi tunafikiria kuuza kiwanja chetu cha Pasua. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba hatapewa hati ya nyumba. Je, tumchangie? Na mama akienda kumtembelea kwa miezi kadhaa, ataruhusiwa kukaa humo?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

JIBU: Ndugu msomaji, mdogo wako amekueleza kweli, na kukosekana kwa hati si dalili ya utapeli. Hapa kwetu anayenunua nyumba ndani ya ghorofa anaweza kupata hati ya sehemu yake chini ya sheria ya mwaka 2008. Katika jengo la ushirika la New York, mwenye jengo zima ni kampuni moja. Mnunuzi hununua hisa za kampuni hiyo, na pamoja na hisa hupewa mkataba wa upangaji wa muda mrefu unaomruhusu kuishi katika nyumba iliyotajwa. Anakuwa mwanahisa na mpangaji kwa wakati mmoja, na akishindwa kulipa ada ya kila mwezi anaweza kuondolewa kama mpangaji mwingine yeyote na kuzipoteza hisa zake.

Ada hiyo ndiyo ninayokuomba uitazame kwa makini kuliko bei. Ndani yake mna kodi ya jengo, joto la msimu wa baridi, mishahara ya wafanyakazi, matengenezo, na marejesho ya mkopo ambao kampuni yenyewe huenda iliuchukua kwa dhamana ya jengo. Mara nyingi bei huwa ndogo kwa sababu ada ni kubwa au deni la kampuni ni zito, na mnunuzi hulibeba deni hilo kwa kadiri ya hisa zake bila kuliona katika tangazo la dalali. Mdogo wako aombe, kupitia wakili wake, hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili au mitatu pamoja na kumbukumbu za vikao vya bodi, kwa maana humo ndimo hutajwa paa linalovuja na michango inayokuja.

Uzee wa jengo nao una gharama yake. Brooklyn Heights ulikuwa mtaa wa kwanza wa New York kulindwa kama eneo la kihistoria, mwaka 1965, na tangu hapo mwenye jengo habadilishi madirisha wala sura ya nje bila kibali cha tume ya jiji. Jengo likizidi ghorofa 6, kuta zake za nje lazima zikaguliwe kila baada ya miaka 5, na gharama ya kuzitengeneza huwarudia wanahisa.

Kisha kuna bodi, inayochaguliwa na wanahisa. Mtu wa Kibosho au Marangu ataielewa upesi, kwa kuwa kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, hakiuzwi kwa mgeni kabla ukoo haujakaa kikao. Bodi humhoji mnunuzi, hupekua taarifa zake za benki, na inaweza kumkataa bila kutoa sababu, mradi isimbague kwa rangi, dini au asili yake. Itauliza pia fedha zenu zimetoka wapi, na kama ni zawadi au mkopo. Bodi nyingine hazikubali kabisa malipo ya awali yaliyotoka kwa ndugu. Ulizeni hilo kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni kwamba msiuze kiwanja cha Pasua. Hisa zitaandikwa kwa jina la mdogo wako peke yake, na ninyi hamtakuwa na cha kudai mbele ya kampuni ile. Mchangieni kutokana na akiba, kiasi ambacho mko tayari kukiita zawadi. Tena mwulizeni kama anakusudia kurejea nyumbani karibuni, kwa kuwa majengo mengi ya ushirika huweka masharti makali ya kupangisha, na hisa zisizopangishika zitamdai ada kila mwezi akiwa huku.

Kuhusu mama, mzazi kukaa na mwanawe kwa kawaida hakuna tatizo. Ambalo mikataba mingi hulizuia ni mgeni kuachwa peke yake kwa muda mrefu mwenye hisa asipokuwapo, kwa hiyo safari ya mama ipangwe wakati ambao mdogo wako hatakuwa likizo Moshi.