Vipele baada ya amoksilini: aleji au virusi?

Dada wa Ujiji uliyeuliza kama vipele vya mwanao vimetokana na amoksilini au ni virusi, kwa watoto mara nyingi ni virusi, tena kuna kirusi kinaitwa EBV kinavimbisha tezi za shingo, mtoto akiwa nacho akapewa amoksilini anaweza kutoka vipele mwili mzima na wala asiwe na aleji ya maisha, kwa hiyo wasikimbilie kumuandikia "aleji ya penisilini" (amoksilini ni ya ukoo huo) kabla daktari hajamchunguza vizuri.

Ila ipo aleji ya dawa iliyo mbaya, haina mchezo hiyo. Mwangalie mdomo na macho: midomo imechubuka, macho mekundu yana matongotongo, ngozi inamuuma ukimgusa, malengelenge au ngozi inabanduka, hapo usimpe dozi nyingine, mkimbize hospitali ya Maweni leo leo, na mambo ya kumpaka mawese achaneni nayo jamani. Hii inapenda kuja na Septrin na dawa za degedege kama fenobabito, kawaida ndani ya wiki 4 za mwanzo za kutumia dawa. Aleji nyingine mbaya ya dawa inachelewa, wiki 2 mpaka 8 tangu aanze dawa, homa, uso unavimba, ini linaathirika, na humo kirusi cha HHV-6 alichokipata zamani huwa kinaamka upya, ndo maana watu wanadhani ni homa tu.

Nenda na pakiti za dawa zote alizotumia miezi hii miwili, hata zile za kununua vidonge viwili vitatu dukani.