Usaili wa Google ukiwa Mbeya

Mdogo wangu, umeuliza kama kijana aliyemaliza MUST hapa Mbeya anaweza kupita usaili wa kazi ya kuandika programu Google, au wanataka waliosoma nje tu. Chuo si kikwazo. Kinachoangusha wengi ni kukaa kimya. Una kama dakika 45 na swali moja au mawili. Mara nyingi unaandika kodi ya programu (code) kwenye ukurasa mtupu ambao hata kuiendesha huwezi, na msaili anataka asikie unavyofikiri. Ukinyamaza kama uko kwenye mtihani wa Necta, ataandika nini? Maana anayekuuliza siye anayeamua. Yeye anaandika ripoti, halafu kamati ya watu usiowahi kuwaona ndiyo inaisoma.

Mimi nilifanyia mazoezi kwa jamaa yangu Uyole, daftari mezani, namweleza kila hatua kwa sauti, tena kwa Kiingereza, mpaka mama yake akaja kuuliza tunagombania nini. (Sikupita. Nilikwama kwenye swali la grafu, yaani nukta zilizounganishwa kama mtandao wa barabara, hilo ni langu.)

Amazon wao wana kanuni zao 16 za uongozi wanazokupimia, kwa hiyo andaa simulizi za kazi ulizofanya kweli, hata kama ni mfumo wa duka la mtu Mwanjelwa.

Halafu saa ya usaili: saa 4 asubuhi ya California kwetu ni saa 2 au 3 usiku, kutegemea majira yao. Chaji laptopu mchana, weka bando kwenye simu. Mimi umeme ulikatika mvua ikipiga bati, nikamalizia kwa hotspoti, shuka begani, napiga kelele kama kondakta.