Ukitaka Kuuona Mbuyu, Ngoja Jua Lizame

Barabara ya Mikumi kwenda Iringa, inapofuatana na Mto Ruaha Mkuu, hupita katikati ya bonde lililojaa mibuyu. Abiria wengi huipiga picha dirishani, kisha hurudi kusinzia. Mimi nakushauri ushuke Ruaha Mbuyuni, utafute pa kulala, na jioni umwombe mwenyeji akupeleke kwenye mbuyu wenye maua.

Wakati mzuri ni kati ya Oktoba na Desemba, mvua zikikaribia. Maua makubwa meupe huning'inia kichwa chini na kufunguka giza linapoingia. Usitarajie manukato; harufu yake ni nzito, kama kitu kilichoanza kuchacha, nami huwa naisikia kabla sijaliona ua lenyewe. Ndiyo inayowavuta popo walao matunda, wanaobeba chavua mti hadi mti. Kesho yake ua limenyauka. Kaa kimya, zima tochi, utasikia mabawa.

Mchana usiishie kusifia unene. Mti huu hukaa miezi mingi bila jani hata moja, lakini chini ya gome lake kuna tabaka la kijani linaloendelea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mbao zake ni laini, zenye nyuzi na maji tele, ndiyo maana seremala hana haja nazo. Tembo wana haja nazo: ukienda Hifadhi ya Tarangire wakati wa kiangazi utakuta mashina yaliyochubuliwa kwa pembe. Gome huota tena, ila tembo wakizidi mti huanguka.

Usipoteze muda kubishana na waongoza watalii kuhusu umri. Pete za shina la mbuyu hazihesabiki kwa uhakika, hivyo watafiti hupima kaboni. Utafiti uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kuwa kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi Afrika, 9 ilikuwa imekufa, au sehemu zake za kale zaidi zimekufa, na wengi wanashuku mabadiliko ya tabianchi.

Na angalia unapokanyaga. Mbuyu ulianza kama mchicha, na kweli mche wake ni mwembamba, majani yake hayajagawanyika kama vidole, hata mkulima huung'oa akidhani ni gugu. Ukiuona shambani kwako, uzungushie miiba, mbuzi wasiufikie.