Whisky ileile, Paje tamu, nyumbani inakwaruza: si lazima uwe umeuziwa feki

Ndugu yangu, kwa nilivyokuelewa ulikaa Paje, huku pwani ya Unguja, siku nne, kila jioni ukinywa whisky moja ukaiona laini kama asali. Umerudi Dar, ukanunua chupa ya jina lilelile, miaka ileile kwenye lebo, na sasa inakukwaruza koo. Unauliza kama umepigwa. Kwanza tazama kizibo na stempu ya kodi. Vikiwa sawa, basi nisikilize.

Mimi mtu wa Wete, na nimesimama kaunta ya baa ya hoteli huku Unguja miaka kumi na moja. Na sinywi. Chekeni mkimaliza tuendelee. Nanusa tu, na kwa whisky pua inakufikisha mbali kuliko watu wanavyodhani, maana ulimi wenyewe unajua machache: tamu, chungu, chachu, chumvi, na ule ukolezo wa supu ya nyama. Mengine tunayoyaita ladha ni harufu. Ukishikwa na mafua, hata pilau ya harusini unakula wali tu.

Kuna usiku mmoja ndio ulionifungua macho. Walikuja wageni, mume na mke, mume akaagiza whisky iliyolazwa kwenye mapipa yaliyowahi kuwa na mvinyo wa sherry. Mke akainusa, akaisukuma glasi: hii inanuka kwa daktari wa meno. Mume akasema yeye anapata keki ya Krismasi. Wakabishana, mwisho wakanipa mimi niamue. Nikanusa, na wallahi nilikuwa Wete msimu wa karafuu: majamvi yametandazwa uani, bibi anatufukuza na fagio tusizikanyage, kwa sababu zile ndizo nguo zetu za Idd na madaftari ya skuli. Nikawaambia, mimi nanusa nguo mpya. Hawakunielewa.

Baadaye nikaja kujua kwamba sote tulikuwa tunanusa kitu kimoja. Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni kemikali iitwayo eugenoli. Eugenoli hiyohiyo imo kwenye mti wa mwaloni unaotengenezewa mapipa, na madaktari wa meno wameitumia miaka mingi. Whisky ya Scotland kwa sheria lazima ilale kwenye mapipa ya mwaloni si chini ya miaka 3, na nyingi zinalala zaidi, kwa hiyo inaunyonya mti muda wote huo. Yule mama alikuwa na jino lake, mimi nina majamvi yangu. Nani amwambie mwenziwe amekosea?

Zile za kisiwa cha Islay, hukohuko Scotland, kina Laphroaig na Ardbeg, ndizo zinazogombanisha watu zaidi. Shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa udongo wa majani yaliyooza kwenye majimaji, unaokatwa vipande kama matofali, ukakaushwa, ukachomwa. Wageni wengi husema hospitali, bandeji, lami. Mimi napata makumbi yaliyofukuliwa pwani baada ya kukaa miezi mchangani, na moshi wa vifuu juu yake. Kwa mtu aliyelelewa na mapato ya usumba, hiyo si harufu mbaya hata kidogo.

Sasa moyo. Hapa whisky siwezi kuitolea ushahidi, nitautolea kwa kahawa. Nakunywa pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, karibu kila alasiri: kahawa chungu, muuzaji mmoja, birika moja. Wiki niliyomzika baba nilirudi palepale, nikapiga funda, nikamwambia muuzaji leo umeiunguza. Barazani watu wakanyamaza, kila mmoja akatazama miguu yake. Ndipo nikajua haikuungua.

Jina na bei navyo vinaingia kinywani. Nakiri uovu mmoja: siku moja nilimmiminia mgeni mjuaji glasi mbili kutoka chupa moja, nikamwambia ya pili ni ya miaka 18. Akaisifu hadi akafumba macho, ile ya kwanza hakuigusa tena. Sikumtoza bei ya miaka 18, lakini ukweli pia sikumwambia.

Tukirudi kwako. Paje ulikuwa pekupeku, upepo wa kusi unakupiga, na nina hakika mhudumu alikutilia barafu bila kukuuliza, ndivyo tunavyofanya. Dar, umeandika mwenyewe, uliifungua usiku uliotoka kwenye foleni ya Mbagala, chumba kina joto, na ukainywa kavu kwa kuwa shemeji alikwambia mwanamme hatii maji. Kwenye joto letu la nyuzi 30, pombe inapanda haraka puani na kuziba kila kitu. Huko Sweden mwaka 2017 watafiti wawili, Karlsson na Friedman, walipiga hesabu kwa kompyuta wakaonyesha kwamba ile molekuli ya moshi, guaiakoli, hukaa juu ya uso wa kinywaji kilichozimuliwa, na pombe ikiwa kali mno huzama ndani. Kwa hiyo zimua kidogo, kijiko kimoja cha maji kisha kingine, na shemeji aseme atakavyo. Barafu nayo hutuliza mwasho, ila huibana harufu, kwa hiyo usiijaze glasi.

Na chupa usiiache dirishani. Whisky haizeeki tena ikishatiwa kwenye chupa, lakini jua linaiharibu, na ikibaki robo, hewa nayo inaipunguza harufu polepole.

Jaribu tena Ijumaa jioni ukiwa umeshaoga na simu iko mbali. Halafu njoo utuambie, maana kuna jambo hukulitaja: Paje ulikuwa peke yako?