Kibarazani kwa Bibi Nesi: Kadi ya bibi, dawa za kaka na utepe wa njano

Mbukwenyi, wasomaji wangu. Safari hii barua nyingi zimetoka Chamwino, Bahi na humu mjini Dodoma, na karibu zote zinauliza jambo moja: huduma tunaisikia redioni, mbona kwetu haifiki? Nilikuwa nesi mkunga kwenye zahanati za vijijini kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na leo mimi mwenyewe ni mzee ninayepanga foleni. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu maana imenikaa rohoni.

Shikamoo Bibi Nesi. Nauza vitumbua hapa Nkuhungu. Bibi aliyenilea yuko kijijini, wilaya ya Chamwino, ana miaka kama 78. Anaishi na mtoto wa marehemu dada yangu, wa miaka 9. Bibi ana presha, na macho yanamsumbua mno. Anang'oa kope kwa kikoleo kila baada ya siku chache ndipo apate nafuu. Mwezi uliopita alikwenda zahanati kwa miguu, akaambiwa kama hana kadi alipie. Hakuwa na hela, akarudi. Sasa hataki tena kwenda, anasema ameshazoea. Je, ni kweli wazee wanatibiwa bure, au ni maneno ya majukwaani?
*Mjukuu, Nkuhungu*

Marahaba, mwanangu. Ni kweli, ila soma sharti lake. Msamaha wa malipo unawahusu watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yanayowakwamisha wazee wetu. Mtoto anaonekana, mjamzito anaonekana. Umaskini wa mzee aliyevaa khanga yake safi ya kuendea zahanati hauonekani dirishani. Lazima awepo mtu wa kuusemea.

Kwa hiyo usimtume bibi tena. Nenda wewe. Funga biashara siku moja, panda gari la asubuhi, uanze kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha ofisi ya mtendaji wa kijiji. Mwambie unataka bibi atambuliwe kama mzee asiye na uwezo na jina lake lifike kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Beba picha zake mbili ndogo, na kitambulisho cha NIDA au kadi ya mpiga kura kama anayo. Asipokuwa na karatasi yoyote ya umri, usikate tamaa. Kwa wazee wa Kigogo njaa ndiyo iliyokuwa kalenda. Bibi yangu mimi alihesabiwa miaka yake kuanzia Mtunya, ile njaa kubwa iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920, na hakuna aliyembishia. Wazee wenzake wa kijiji watamthibitisha. Kama kaya yake iko kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, litaje hilo mapema kabisa.

Utasikia pia habari za Bima ya Afya kwa Wote. Sheria yake ilipitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma Novemba 2023, na inataka wasio na uwezo watambuliwe na walipiwe. Mfumo unaweza kubadilika jina na kadi ikabadilika rangi, lakini kutambuliwa kunaanzia palepale kijijini, kwenye orodha ambayo mtu ameiandika kwa mkono wake. Hakikisha kwa macho yako kwamba jina la bibi limeandikwa. Usikubali kuambiwa "tutamwandika".

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa. Kiangazi kimoja, mzee alikuja kwenye zahanati yangu akiongozwa na mjukuu aliyemshikia ncha ya fimbo. Nilimpima, presha ilikuwa juu sana. Dawa zilikuwepo kabatini. Nikamwuliza barua ya mtendaji, hana. Nikamwambia akailete. Alinishukuru, akanyanyuka, akaondoka. Kwao ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Sikumwona tena. Baadaye mkwewe alipoleta mtoto kliniki nikamwuliza habari za mzee, akaniambia amepooza upande mmoja na hasemi. Nilikuwa na haki ya kudai barua. Lakini nilipaswa kumpa dawa za mwezi kwanza, nimwandike kwenye daftari, barua ifuate nyuma. Ndivyo nilivyofanya kwa kila mzee baada yake, mpaka siku niliyokabidhi funguo. Yule wa kwanza sikuweza kumrudishia kitu.

Ndiyo maana neno lako "ameshazoea" limenichoma. Presha haizoeleki. Haiumi, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Dawa zake ni za kila siku, hata siku anayojisikia mzima. Na nisikufiche: hata akipata msamaha, kuna siku ataambiwa dawa zimekwisha akanunue duka la dawa. Weka akiba kidogo ya vitumbua kwa ajili ya siku hizo, hata kama ni elfu mbili kwa wiki.

Macho nayo hayasubiri. Unayoyaeleza yanafanana sana na trakoma iliyokomaa, tunayoita vikope. Ugonjwa huu tunaujua sana ukanda huu wa kati. Kule Kongwa watafiti wameufuatilia tangu miaka ya 1980. Mtu huambukizwa mara nyingi utotoni kwa mikono, vitambaa na nzi, kigubiko cha jicho kinapata makovu upande wa ndani, na uzeeni kinajikunja kope zikaelekea kwenye mboni. Kila akipepesa, zinakwaruza. Wanawake huumia zaidi kwa kuwa ndio wanaolala na kushinda na watoto. Kikoleo kinampa nafuu ya siku chache, kisha kope zinaota tena zikiwa fupi na ngumu kuliko za mwanzo. Dawa yake ni upasuaji mdogo wa kukigeuza kigubiko, kwa sindano ya ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ileile. Kovu likishatanda kwenye mboni, upasuaji huo hauwezi kuliondoa, kwa hiyo wahi. Ulizia kwa mratibu wa huduma za macho wa wilaya ni lini timu yake inapita vijijini, au umpeleke hospitali ya Mvumi, hukohuko Chamwino, inayojulikana kwa macho tangu zamani.

Halafu, mwanangu, umemtaja mtoto wa miaka 9 kwa mstari mmoja tu ukapita. Huyo ndiye aliyeninyima usingizi. Nani anachota maji? Nani anapika bibi anapoumwa macho? Anakwenda shule siku ngapi kwa wiki? Analala mkeka mmoja na bibi, anafuta uso kwa khanga ileile, kwa hiyo na yeye aangaliwe macho, kisha afundishwe kunawa uso kila asubuhi, kopo moja la maji linatosha. Unapofika kwa mtendaji usipeleke jina moja, peleka mawili. Mwulize mwenyekiti mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji hicho ni nani. Serikali ilizindua mpango mpya wa wahudumu hawa Januari 2024, na kazi yao ni hiyohiyo ya kuingia nyumba kwa nyumba. Mwombe apite kwa bibi kila wiki, akuachie namba yake. Na ukisikia mtoto ameacha shule au kuna mtu anamtesa, piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto.

Shikamoo Bibi. Kaka yangu alilazwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, wiki sita, akatoka akiwa mzima kabisa, akarudi kwenye bodaboda. Vijana wa kijiweni wakaanza kumwita "Mirembe". Akaacha dawa. Sasa halali, usiku anazunguka uani akiongea peke yake. Mama anataka tumpeleke kwa mganga. Nifanyeje?
*Dada, Kizota*

Marahaba. Kutolala ndiyo dalili inayotangulia nyingine, mrudishe hospitali wiki hii, usingoje avunje kitu. Mirembe ina kliniki ya wanaotoka nyumbani na kurudi, si lazima alazwe tena. Kabla hamjafika, usimlazimishe kumeza vidonge vilivyobaki wala kumwekea kwenye chai kwa siri. Akigundua, hataamini tena chakula chako.

Mwulize kwa upole kwa nini aliacha. Utani wa kijiweni ni sababu moja, lakini mara nyingi ipo nyingine: mikono inatetemeka, mwili unanenepa, asubuhi hawezi kuamka, na dereva asiyeamka hana hesabu ya kumpelekea tajiri. Hayo daktari anaweza kuyarekebisha kwa kubadili dawa au kiasi chake, na zipo za sindano ya mwezi kwa mwezi kwa wanaochoshwa na vidonge. Lakini daktari hatayajua mpaka aambiwe. Kijana mmoja wa mtaani kwangu anachoma sindano yake na siku hiyohiyo jioni unamkuta anaosha pikipiki yake kama wenzake.

Mama usigombane naye. Amechoka na anaogopa. Mwombe muende naye kliniki, akae mbele ya daktari, aulize yote anayotaka kuuliza. Jambo moja tu usilikubali hata kidogo: kaka asifungwe kamba wala minyororo, popote pale na kwa jina lolote la tiba. Akianza kusema maisha hayana maana, asiachwe peke yake, na dawa ya kuogeshea mifugo iondoke nyumbani siku hiyo hiyo.

Kuhusu hilo jina, nenda kwa mwenyekiti wa kijiwe, mtu mzima kwa mtu mzima. Mweleze kwamba kaka yako anakunywa dawa kama anayekunywa dawa ya kisukari, na kwamba utani wao umemtoa kwenye matibabu. Wengi wao hawajui walichokifanya. Hapa Dodoma tumeligeuza jina la hospitali inayotuponya kuwa tusi, na watoto wetu wamelipokea kutoka kwetu sisi wakubwa.

Bibi Nesi, mtoto wangu ana miaka 2 na miezi 4. Siku ya kupima kijijini walimzungushia utepe mkononi ukaonyesha njano. Mwenzangu wa nyekundu alipewa pakiti za chakula, mimi nikapewa maneno matupu. Nimeumia. Walinidharau?
*Mama, Bahi*

Hapana mama, hukudharauliwa. Utepe ule ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto yuko hatarini na anahitaji chakula dawa. Njano ni kati ya 11.5 na 12.5. Hapo bado chungu chako kinaweza kumrudisha, ndiyo maana ulipewa maneno. Walikosea kama hawakukueleza hivyo.

Uji wake wa uwele au mtama utie karanga zilizosagwa na maziwa ukiyapata. Mlenda upike na dagaa waliotwangwa. Yai, hata mara tatu kwa wiki. Ale mara tano kwa siku, kidogo kidogo. Na mpe sahani yake peke yake, hili nalisema kwa mkazo: kwenye sinia moja na kaka zake wa miaka saba na kumi, mtoto wa miaka miwili hashibi, hata chakula kiwe kingi. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa, usiwape hata kuku. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu hapa Dodoma na Manyara, na ilikuwa ndani ya chakula ambacho watu walikilima kwa mikono yao.

Akiharisha, akikataa kula au miguu ikivimba, usingoje Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ambayo huja mara moja kwa miezi mitatu. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Asipokuwa na hayo, apimwe tena baada ya wiki mbili. Utepe ukifika kijani, niandikie.