Wasomaji Wanauliza: Hifadhi ya Taifa Arusha, jirani asiyezoeleka

Barua nyingi za mwezi huu zimeelekea upande mmoja: Hifadhi ya Taifa Arusha, ile iliyokaa miguuni pa Mlima Meru, mwendo wa chini ya saa moja kutoka katikati ya Jiji la Arusha barabara isipofungana. Tumechagua tano.

Habari za kazi. Tunakwenda Arusha harusini, watu wazima wanne na watoto watatu. Jumapili hatuna ratiba na tuna Noah. Siku moja inatosha? Na simba tutawaona? — Mama wa Watatu, Kimara

Simba hakuna, mama. Waambieni watoto mapema ili wasishinde wakiulizia. Waliopo ni twiga wengi, nyati, pundamilia, ngiri, nyani, kima, na mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe kama singa, ambao ndio fahari ya msitu ule. Tembo na chui wapo pia, lakini kuwaona ni bahati yako.

Siku moja inatosha, ila isianze saa 4 baada ya chai ya wageni. Hapo ndipo wengi huharibu: kwa kuwa hifadhi iko karibu, wanachelewa. Fikeni lango la Ngongongare saa 12 na nusu asubuhi. Mkitoka Arusha kwa barabara ya Moshi, mnakata kushoto Usa River. Langoni hawapokei pesa taslimu. Mnapewa namba ya malipo, ile kontroo namba ya kila siku, mnalipa kwa simu, benki au kadi. Hakikisheni salio limo kwenye simu kabla hamjaondoka mjini. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha raia na cha mgeni vimepishana sana. Watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi. Kama kuna wa kutiliwa shaka, cheti cha kuzaliwa kitamaliza ubishi.

Mkishaingia, msikimbilie Kreta ya Ngurdoto, lile shimo kubwa la volkano, kama wafanyavyo wengi. Asubuhi kreta mara nyingi imejaa ukungu, mtasimama ukingoni mtazame pamba. Piteni kwanza uwanda wa Serengeti Ndogo, pale twiga na pundamilia huwa karibu na barabara, kisha mshike njia ya maziwa ya Momella. Saa 1 hadi saa 3 ndipo Kilimanjaro huonekana vizuri upande wa mashariki, kabla mawingu hayajapanda. Ngurdoto iwe ya mchana. Ina upana wa kilomita 3 hivi na kina cha mita 400. Hakuna mgeni anayeruhusiwa kushuka ndani, mnaangalia kutoka juu, na bila darubini nyati wa chini mle ni nukta tu.

Kuhusu Noah: kiangazi itawafikisha kwenye maziwa. Njia ya kupanda ukingo wa Ngurdoto ni habari nyingine. Inapita msituni, jua haliifikii, hivyo mvua ya juzi bado ni tope la leo. Kama imenyesha wiki hiyo, muulizeni askari wa langoni hali ya njia na msishindane na jibu lake. Bora mkodi gari la juu linalovuta magurudumu yote manne kuliko kusukuma Noah mahali ambapo hata kushuka garini ovyo hakuruhusiwi.

Sisi ni Wakenya, tunaingia kupitia Namanga. Mwaka jana tulifika Momella tukakuta maji matupu, hata heroe mmoja hakuwepo. Tulidanganywa? — Kundi la Kitengela

Hamkudanganywa, mlipishana nao tu. Heroe, wale flamingo, hawana ziwa lao la kudumu. Heroe mdogo anakula mwani mdogo sana unaoota kwenye maji ya magadi. Mvua kubwa ikiyazimua maji, mwani unapungua, naye anahamia ziwa jingine. Kutaga anakwenda Ziwa Natron. Maziwa ya Momella ni saba, na kila moja lina rangi yake kwa kuwa madini na mwani vimepishana, kwa hiyo msiishie kwenye Momella Kubwa pekee. Zungukeni yote kabla ya kukata tamaa.

Raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, kiwango cha chini. Pasipoti au kitambulisho chenu cha taifa kiwe cha halisi mkononi. Msitegemee picha iliyo kwenye simu.

Shikamooni. Nitaleta wanafunzi 40 wa kidato cha tatu, somo la jiografia. Tunaweza kuokoa gharama kwa kuchemsha maji ya mito ya huko? — Mwalimu, Babati

Marahaba, Mwalimu. Hapana, msichemshe. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi floraidi, na ukanda wa Meru umejaa floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi iliyobaki inazidi kukolea. Yale meno ya kahawia mnayoyaona kwa baadhi ya wenyeji chanzo chake ni hicho: maji yaliyonywewa utotoni, meno yakiwa bado yanajengeka. Mgeni wa siku moja hatageuka meno, lakini hakuna sababu ya kuwapa watoto wa watu maji ya namna hiyo, na ya maziwa yenyewe ni magadi, hayanyweki kabisa. Wekeni lita 2 kwa kila mwanafunzi, yaani madumu manne ya lita 20, na moja la akiba.

Kwa somo lenyewe, simamisheni basi mahali panaporuhusiwa kwenye barabara ya kwenda Momella, muwaoneshe vile vilima vidogovidogo vilivyotapakaa kama matuta ya viazi. Vile ni vipande vya Mlima Meru. Zamani, inakadiriwa kama miaka 7,800 iliyopita, ubavu wa mashariki wa mlima ulibomoka na kumwagika hadi huko. Mabonde yaliyobaki katikati ya vipande hivyo yakajaa maji, ndiyo maziwa ya Momella. Kisha waambieni wageuke nyuma wautazame mlima: utaona kama kikombe kilichovunjwa upande mmoja. Hakuna ubao wa darasani utakaoeleza vizuri kuliko pale. Mlima huo bado haujafa. Mara ya mwisho ulitoa majivu kidogo mwaka 1910.

Mwaka juzi nilifika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, kwa njia ya Marangu. Meru ni mfupi, nadhani siku tatu zinanitosha kupasha misuli. Mnasemaje? — Kijana wa Mbezi

Ni mfupi kweli: mita 4,566 dhidi ya 5,895. Lakini ufupi wake usikulevye. Njia ya Marangu ni pana na inapanda taratibu kwa sehemu kubwa. Meru unapandisha haraka, na usiku wa kilele unatembea kwenye mgongo mwembamba wa kreta, upande mmoja ukiwa shimo.

Hesabu ni hii. Siku ya kwanza ni lango la Momella, mita 1,500, hadi kibanda cha Miriakamba, mita 2,514. Njia fupi inakwea moja kwa moja. Ndefu inapita kwenye mkuyu mkubwa wenye tao, na ndiyo tunayoipendekeza, maana mwili unazoea taratibu na msitu ni mzuri kuliko sehemu yoyote ya Marangu. Siku ya pili ni hadi kibanda cha Saddle, mita 3,570. Ni saa chache, kwa hiyo utafika mchana na kutamani kulala. Usilale. Kunywa chai, pumzika, kisha panda Meru Ndogo, mita 3,820, ushuke ulale chini yake. Kupanda juu na kulala chini ndiyo dawa ya mwinuko isiyouzwa dukani.

Usiku unaondoka saa 7 au saa 8. Baada ya Rhino Point kuna mwamba ambao utatumia mikono pia, halafu majivu yanayoteleza. Usiku majivu yameganda kwa baridi, yanabeba mguu vizuri. Jua likishayayeyusha, kila hatua unarudi nusu na mawe yanaanza kulegea. Ndiyo maana kiongozi anakuharakisha kuondoka kileleni wakati wewe bado unapiga picha. Betri za tochi ya kichwani ziweke mfukoni karibu na mwili, kwa kuwa baridi inazimaliza. Beba nyingine za akiba.

Sasa hizo siku tatu. Ukiandika ratiba ya siku tatu, siku ya mwisho unapanda karibu mita 1,000 usiku, halafu unashuka zaidi ya mita 3,000 hadi langoni siku hiyohiyo. Wengi hawaumii wakati wa kupanda. Magoti yanaisha wakati wa kushuka, saa 9 alasiri, wakiwa wamechoka na macho yamejaa usingizi. Lipia siku ya nne ulale tena Miriakamba. Na kichwa kikiuma huku ukitapika au kuyumba kama mlevi pale Saddle, usisubiri kukuche. Unashuka, hata kama umelipia kila kitu.

Askari mwenye bunduki ni lazima, si kwa ajili ya wezi bali nyati. Wabaya ni madume wazee wanaojitenga na kundi, wanaolala vichakani kimya. Nenda nyuma ya askari, kwa mstari mmoja, bila muziki. Akiinua mkono, simama hapohapo. Usimpite ili upate picha. Vibandani kuna vitanda na magodoro, mfuko wa kulalia ni wako. Na wagumu wanaokubebea mzigo, kabla ya safari waulize kampuni wanalipwa nini na wanalala wapi. Bei ya chini kupita kiasi kwa kawaida imekatwa kwenye migongo yao.

Naweza kurusha droni? Nguo gani nivae? — Mpiga picha, Tengeru

Droni bila kibali itabaki langoni. Vaa kaki, kijani kilichofifia au kijivu, na koti hata kama mjini kuna joto. Mavazi ya mabaka yanayofanana na ya jeshi acha nyumbani. Tanzania raia haruhusiwi kuyavaa popote. Vitu vyako usivifunge kwenye mfuko wa plastiki, umepigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Kwa mbega lenga saa 2 asubuhi karibu na Ngurdoto, jua likianza kugusa matawi ya juu: hujianika huko wakiwa wametulia, na mikia inaning'inia wazi.